Lesi na Miaka Yake: Maleba ya Filamu za Kihistoria

Lesi ni kitambaa cha matundu kisichofumwa kwanza kikatobolewa baadaye. Fundi huanza na uzi mtupu, na maua huzaliwa pamoja na matundu yake. Katika filamu za kihistoria, yaani zile zinazosimulia maisha ya karne zilizopita, lesi hukaa mahali ambapo kamera haiwezi kupakwepa: shingoni, kifuani na kwenye vifundo vya mikono. Mwigizaji akipigwa picha ya karibu, sketi ya hariri ya mita nyingi hutoka nje ya picha na kola hubaki. Kwa hiyo kosa dogo la lesi huonekana upesi kuliko kosa kubwa la sketi, na wajuzi wa historia ya mavazi hutazama kola kwanza wanapopima maleba.

Kipimo chao si kama lesi imetengenezwa kwa mkono. Filamu chache mno duniani zingeweza kulipia kazi hiyo. Kinachoulizwa ni kama aina ya lesi, upana wake, uzi wake na mahali iliposhonwa vinapatana na mwaka wa hadithi. Lesi ya mashine iliyochaguliwa kwa jicho zuri inaweza kupita mtihani huo, na lesi halisi ya mkono iliyowekwa kwenye karne isiyo yake ikaanguka.

Ufundi huu ulizaliwa Ulaya kati ya mwisho wa karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16, hasa Venice na katika nchi za Flanders, ambazo sehemu yake kubwa leo iko Ubelgiji. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya sindano: fundi hutandika uzi wa mwongozo juu ya ngozi laini iliyochorwa ua, kisha hujaza nafasi kwa mshono ule ule unaozungushwa kwenye tundu la kifungo cha shati, maelfu kwa maelfu. Akimaliza hukata nyuzi zilizokuwa zimeishika kazi, na lesi huachana na ngozi. Ya pili ni ya mto: nyuzi nyingi, kila moja imezungushiwa kijiti chake, husokotwa na kupishanishwa kuzizunguka pini zilizochomekwa kwenye mto mgumu. Vitabu vya michoro vilisambaza mitindo haraka. Kitabu cha *Le Pompe* kilitoka Venice mwaka 1557 kwa ajili ya mafundi wa mto, na kile cha Federico Vinciolo kilichapwa Paris mwaka 1587. Anayetaka kumwona fundi wa mto kazini ana picha ndogo ya Johannes Vermeer iliyoko Louvre, ya mwaka 1669 au 1670 hivi, yenye urefu wa sentimita 24.5 tu: msichana ameinama, pini zimesimama, nyuzi mbili zimekazwa mikononi.

Kasi ya kazi hii ndiyo ufunguo wa mengi. Lesi ya sindano ya Alençon, Ufaransa, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2010 kuwa urithi wa utamaduni, huchukua kama saa 7 kwa sentimita moja ya mraba. Kipande cha sentimita 10 kwa 30, kinachotosha kupamba mkono mmoja wa gauni, kingehitaji saa 2,100, yaani zaidi ya siku 260 za kazi ya saa 8. Si ajabu kwamba lesi ilizidi hariri kwa bei, ikaandikwa kwenye wasia na kurithishwa.

Bei hiyo iliamua namna ya kuivaa. Lesi ilikuwa utepe mwembamba, au kipande kilichobuniwa kwa umbo maalumu: kola, ncha ya mkono, kofia ya mwanamke, kanda mbili za kuning'inia kutoka kwenye kofia hiyo. Haikuunganishwa na gauni moja kwa moja. Ilishikizwa kwa mishono mirefu iliyo rahisi kufumuliwa, kwa sababu nguo ya hariri haikufuliwa lakini lesi ya kitani ilifuliwa, ikatiwa wanga, ikapigwa pasi na kurudishwa, au ikahamishiwa gauni jipya. Hapa ndipo filamu nyingi hukosea bila kujua. Mbunifu wa leo amezoea lesi inayouzwa kwa mita, upana wa kutosha gauni zima, kama ile inayopangwa kwenye maduka ya Kariakoo kwa ajili ya sare za harusi. Akiipeleka mwaka 1580 au 1680 anamvisha mhusika mali ambayo hata mfalme hakuwa nayo. Kifua kizima cha lesi kilichoshonewa ndani ya mshono wa gauni ni dalili ya karne ya 20, hata kama kila ua limenakiliwa kutoka kwenye picha ya kale.

Karne ya 16 ina kosa lake la pekee. Kola kubwa ya marinda iliyozunguka shingo enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza ilikuwa hasa ya kitani chembamba, mita kadhaa zilizokunjwa na kushindiliwa kwenye ukosi mfupi, na lesi ilikaa ukingoni tu. Kilichoisimamisha ni wanga. Ustadi huo uliletwa London mwaka 1564 na Dinghen van der Plasse, mwanamke kutoka Flanders aliyewafundisha wanawake wa huko kwa malipo. Kila mara kola ilipofuliwa, marinda yalipangwa upya kwa vyuma vya moto, kwa hiyo hayakukaa sawa wiki hii na wiki ijayo. Kola ya filamu hafifu hutambulikana papo hapo: imetengenezwa yote kwa lesi ya nailoni, marinda yamelingana kama ya mashine, na imeshikamana na gauni badala ya kufungwa kwa kamba zake yenyewe. Toleo la nne la mfululizo wa vitabu vya *Patterns of Fashion* la mwaka 2008, lililoanzishwa na Janet Arnold na kukamilishwa na Jenny Tiramani na Santina Levey, linaonyesha mashati na kola zilizosalia za miaka 1540 hadi 1660, mshono kwa mshono. Tangu hapo kisingizio cha kutojua kimepungua sana.

Kufikia miaka ya 1620 kola ililala mabegani, na lesi ikapanuka. Picha ya Frans Hals ya mwaka 1624, inayojulikana kama *The Laughing Cavalier* na kutunzwa Wallace Collection, London, inaonyesha kijana mwenye ncha za mikono za lesi zilizochorwa kwa bidii kuliko mkono wenyewe. Picha za aina hii ndizo kumbukumbu za kwanza za wabunifu, ila zina mitego. Rembrandt, kwa mfano, aliweza kupaka kola nyeupe kwanza, kisha akadonoa matundu kwa rangi nyeusi. Kwa mbali ni lesi kamili, kwa karibu ni madoa. Fundi anayenakili mchoro wa namna hiyo hana uzi wa kufuata, na hulazimika kurudi kwenye lesi zilizohifadhiwa majumba ya makumbusho.

Jambo lingine ambalo filamu zinapaswa kulitendea haki ni jinsia. Lesi ya karne ya 17 ilikuwa fahari ya wanaume sawa na wanawake: kola, shingo, mikono, hata midomo ya buti. Uingereza ilipiga marufuku lesi ya kigeni mwaka 1662 ili kulinda mafundi wake, na mwaka 1665 Jean-Baptiste Colbert, waziri wa Louis wa 14, alianzisha karakana za kifalme Ufaransa ili fedha zisiendelee kumiminika Venice. Serikali hazipitishi sheria za namna hiyo kwa ajili ya mapambo ya wanawake peke yake. Mwongozaji anayemvua mhusika wa kiume lesi akihofia ataonekana laini anabadilisha historia kuliko yule anayekosea ua.

Karne ya 18 ndiyo inayopendwa zaidi na watengenezaji wa filamu, na ndiyo inayowatesa. Uzi wa kitani wa Flanders ulikuwa umefikia wembamba ambao hakuna anayeuuza leo. Ulisokotwa katika vyumba vyenye unyevu, kwa kuwa hewa kavu ilifanya nyuzi zikatike. Lesi za Mechlin, Binche na Valenciennes zilikuwa laini, bapa, zenye kuanguka kama maji. Mikono ya gauni iliishia kwenye kiwiko, na chini yake yalining'inia marinda ya lesi mawili au matatu, mafupi upande wa ndani na marefu nyuma. Lesi nzito ya maua yaliyotuna, isiyo na wavu wa kuyaunganisha, ambayo maduka ya sasa huiuza kwa wingi, haina nafasi hapo. Hukaa imesimama badala ya kuanguka, na humfanya bibi wa Versailles wa mwaka 1750 aonekane bibi harusi wa mwaka 1990.

*Barry Lyndon* ya Stanley Kubrick, iliyotoka mwaka 1975, bado hutajwa kuwa kielelezo. Wabunifu wake, Milena Canonero na Ulla-Britt Söderlund, walifanya kazi wakiwa na nguo halisi za karne hiyo zilizonunuliwa minadani, wakazichunguza na kuzinakili, na wakapata tuzo ya Oscar. Kubrick alipiga baadhi ya matukio kwa mwanga wa mishumaa, akitumia lenzi za Zeiss zilizokuwa zimetengenezwa kwa ajili ya NASA. Chini ya mwanga huo kitani hufifia kwa upole na poliesta humeta, kwa hiyo nyuzi zisizo za enzi hiyo hazina pa kujificha.

Kisha mashine zikaja, na hapa ndipo mpaka mkubwa wa historia ya lesi ulipo. John Heathcoat, Mwingereza, alipata hataza mwaka 1808 na 1809 za mashine iliyofuma wavu wenye matundu ya pembe sita, kama ule uliokuwa ukifanywa kwa mto. Mwaka 1816 wafanyakazi wenye hasira walivamia kiwanda chake cha Loughborough na kuvunja mashine 55, naye akahamia Tiverton, Devon. Kampuni yenye jina lake ingali huko, na kitambaa cha mwavuli uliokishusha chombo cha Perseverance kwenye sayari ya Mars Februari 2021 kilitoka kwake, jambo ambalo wavunja mashine wa 1816 wasingeliwaza. Mwaka 1813 John Leavers wa Nottingham alibuni mashine ambayo baadaye, ilipounganishwa na kadi za Jacquard, zenye matundu ya kuongoza mchoro, iliweza kufuma maua na wavu kwa pamoja. Kufikia katikati ya karne ya 19, lesi ilikuwa imeshuka kutoka ikulu hadi kwa mke wa karani.

Kwa hiyo filamu inayosimulia mwaka 1815 na ile ya mwaka 1855 haziwezi kutumia lesi moja. Mwanzoni mwa karne ya 19 mitindo yenyewe ilikuwa imeipa lesi nzito kisogo, ikipendelea pamba nyepesi na wavu mtupu uliotariziwa kwa mkono. Mfululizo wa *Bridgerton*, unaoanzia London ya mwaka 1813, umejaa lesi za kung'aa ambazo mashine za wakati huo hazikuweza kuzifuma, lakini watengenezaji wake hawakudai kuandika historia. *Pride and Prejudice* ya mwaka 1940 ilivuka mpaka kwa namna nyingine: mbunifu Adrian aliwavisha wahusika wa Jane Austen mikono mikubwa na sketi pana za miaka ya 1830, na mapambo yote yakasogea pamoja nao miaka ishirini mbele.

Mfano unaofundisha zaidi ni harusi ya Malkia Victoria ya tarehe 10 Februari 1840. Ili kuwaokoa mafundi wa Devon waliokuwa wakipoteza riziki kwa sababu ya mashine, aliagiza lesi ya Honiton, na wanawake zaidi ya 200 katika kijiji cha Beer na jirani zake waliifanyia kazi kwa miezi mingi ya mwaka 1839. Maua yalifanywa kwa mkono, kisha yakashikizwa juu ya wavu wa mashine. Vazi lililokusudiwa kuokoa kazi ya mkono lilikuwa tayari limeegemea kiwanda. Filamu ya *The Young Victoria* ya mwaka 2009, iliyompatia Sandy Powell tuzo ya Oscar, ilikuwa na bahati hapo: wavu wa mashine chini ya shela ya malkia huyo ni ukweli wa kihistoria, wala si njia ya mkato. Victoria aliitumia tena na tena lesi hiyo maishani mwake, na mwaka 1901 alizikwa na shela ile.

Kuanzia hapo hadi Vita vya Kwanza vya Dunia kazi ya mbunifu inakuwa nyepesi. Lesi ilikuwa kila mahali, ya mkono na ya mashine, pamoja na lesi ya kroshia iliyoenea Ireland wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840. Vipande vingi vimesalia na vinauzika. *A Room with a View*, ambayo Jenny Beavan na John Bright waliipatia Oscar ya mavazi, na *Titanic* ya mwaka 1997, inayosimulia mwaka 1912, ziliweza kuvisha waigizaji lesi nyingi bila kukosea. Vivyo hivyo *Out of Africa* ya mwaka 1985, iliyopigwa Kenya na kubuniwa mavazi na Canonero. Hadithi inaanza mwaka 1913, kipindi ambacho blauzi nyeupe ya pamba yenye lesi ya mashine ilikuwa ya kawaida kwenye sanduku la mwanamke wa Ulaya aliyeshuka Mombasa. Karen Blixen mwenyewe, ambaye filamu hiyo inasimulia maisha yake, alifunga ndoa Mombasa Januari 1914.

Hollywood ya zamani nayo haikuwa ya kupuuza kila jambo. Ann Rutherford, aliyeigiza mdogo wake Scarlett, mhusika mkuu, katika *Gone with the Wind* ya mwaka 1939, alikuwa akisimulia kwamba alimlalamikia mtayarishaji David Selznick kuhusu magaguro yaliyotiwa lesi halisi ya Valenciennes, wakati hakuna mtazamaji angeyaona. Selznick alimjibu kwamba yeye mvaaji angejua yapo. Hoja hiyo ina uzito kuliko inavyosikika, kwani gaguro lenye lesi ya pamba huanguka tofauti na lenye nailoni, na mwendo wa sketi ya juu hufuata.

Mtu akikiweka kipande mkononi na kukitazama kwa kioo cha kukuza, tofauti hujionyesha. Lesi ya mto ina nyuzi zinazopita zikisokotana na kubadilishana njia, na mtu anaweza kuufuata uzi mmoja kwa jicho. Lesi ya sindano ni vitanzi vidogo vilivyopangana. Lesi ya Leavers inaonyesha mistari myembamba iliyosimama ndani ya ua, dalili ya nyuzi za mashine. Ile inayoitwa ya kemikali, iliyoanza Uswisi na Saxony miaka ya 1880, hutariziwa juu ya kitambaa ambacho baadaye huyeyushwa, nayo ina kingo zenye manyoya na mshono wa kwenda na kurudi. Mitarizo ya mashine ya jamii hiyo ndiyo iliyojenga biashara kubwa kati ya mji wa Lustenau, Austria, na Nigeria tangu miaka ya 1960, na ndiyo Waafrika wengi waijuayo kwa jina la lesi. Ya mwisho, ya mashine ya Rascheli, ilienea kuanzia miaka ya 1950: imefumwa kwa vitanzi kama sweta, hunyumbuka, na kwa kawaida ni nailoni au poliesta. Lesi inayonyumbuka kwenye filamu ya karne yoyote kabla ya hapo ni kosa lisilo na utetezi.

Rangi nayo hudanganya. Watazamaji wamezoea kuona lesi za kale zikiwa na rangi ya maziwa yaliyochemka, wakadhani ndivyo zilivyokuwa. Kitani cha karne ya 17 kilianikwa juani na kusafishwa mpaka kiwe cheupe kabisa, kwa kuwa weupe ndio ulioonyesha kwamba mvaaji ana watumishi wa kumfulia. Umanjano ni uzee. Filamu hutia lesi chai au rangi hafifu kwa sababu nyingine: weupe mkali huwaka mbele ya kamera na kufuta maua yote. Hiyo ni haja ya taa, na haifai kulaumiwa, ingawa imewafundisha watu historia isiyo sahihi.

Kutumia lesi ya kale yenyewe kuna raha na hatari zake. Nyumba za maleba kama Cosprop ya London, iliyoanzishwa na John Bright mwaka 1965, na Tirelli ya Roma, ya mwaka 1964, zimekusanya nguo na vipande halisi kwa miongo. Katika *Phantom Thread* ya mwaka 2017 Mark Bridges alitumia lesi ya kale ya Flanders kwenye gauni ambalo hadithi yenyewe inalizungumzia. Lakini jasho, vipodozi na joto la taa huila kitani cha miaka 300, na tukio moja hurudiwa mara nyingi. Mafundi makini hukishikiza kipande juu ya wavu mpya unaobeba uzito, hukiweka mbali na ngozi, na kwa matukio ya fujo hutumia nakala.

Wapo pia wanaoacha ukweli kwa makusudi, na hao wapimwe kwa kipimo kingine. Katika *The Favourite* ya mwaka 2018, kuhusu Malkia Anne aliyetawala 1702 hadi 1714, Sandy Powell hakuwa na fedha za lesi wala nia ya kuigiza kwamba anazo. Aliagiza vitambaa na vinili vikatwe kwa leza kwa michoro ya lesi, vikiwa vyeusi na vyeupe tu, na watumishi wa jikoni akawashonea nguo kutoka kwenye jinzi zilizokwisha kuvaliwa. Hakuna uzi mmoja wa enzi hiyo hapo. Hata hivyo umbo la kofia, kimo cha lesi kichwani na mahali pa marinda ya mkono ni vya miaka hiyo hasa, na filamu nyingi zenye lesi ghali zaidi zimekosea hayo matatu.